Daftari la Baba na Pikapu ya Mwaka 1965

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa madarasa ya kisomo huku Marangu, mkoani Kilimanjaro. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tunajua wengine mmeacha ng'ombe hawajakatiwa majani, na wengine mmeacha migomba inangoja samadi. Hatutawachelewesha.

Mara nyingi tunaulizwa swali moja. Mtu anasema: "Mwalimu, nimeshajua kusoma na kuandika. Cheti ninacho. Lakini mimi sina ofisi, wala siandikii watu barua. Sasa nisome nini? Niandike nini?"

Swali hilo ni zuri. Leo tutalijibu kwa habari ya gari. Tena gari lenyewe ni bovu, kuukuu, lililolala chini ya mparachichi karibu miaka 20. Tulilifufua pamoja na baba yetu mzazi. Tukisema "sisi", ni sisi watoto wa mzee huyo, wa kiume na wa kike. Katika kazi hiyo tulijifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikutufundisha. Tusikilizane.

GARI LENYEWE

Gari ni Landrova pikapu, ile ndefu inayoitwa 109. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma. Ni karibu sentimita 277. Letu lilitengenezwa Uingereza mwaka 1965. Taa zake mbili kubwa zimekaa katikati, karibu karibu, kama macho ya bundi.

Landrova ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, nchi ya Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na huko Uingereza chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo. Basi kiwanda cha Rover kikatengeneza bodi kwa alumini. Ndiyo madini yale yale ya sufuria zetu za jikoni. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya chuma. Kwa hiyo gari la namna hii linaweza kuonekana zima juu, kumbe chini limeoza. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Baba alikuwa dereva tangu ujana wake. Pikapu hii aliinunua mwaka 1988, ikiwa tayari imetumika sana. Ilibeba ndizi kwenda sokoni Himo na Moshi mjini. Msimu wa kahawa ilibeba magunia kwenda chama cha msingi. Usiku ilibeba wagonjwa. Ilibeba maharusi, na ilibeba majeneza. Mlimani huku, mtu mwenye gari hana usiku wala mchana.

Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya. Ninyi wenyewe mnakumbuka. Mkulima alipalilia, akapiga dawa, akavuna, akamenya, akaanika, na mwisho fedha haikutosha hata kununua dawa ya msimu uliofuata. Wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Baba alikosa fedha ya tairi na ya bima. Akaliegesha gari chini ya mparachichi, akasema: "Mpaka msimu ujao." Msimu huo haukufika. Kuku wakataga kwenye kiti. Nyigu wakajenga kwenye bomba la moshi.

Mwaka 2021 alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Alitaka kulikata gari vipande na kulipa kwa kilo. Baadhi yetu tuliona ni sawa. Tukakaa kikao cha nyumbani. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Hii ilikuwa miguu ya nyumba hii. Usiku mama yenu aliposhikwa na uchungu, ndiyo iliyomfikisha hospitali. Miguu haiuzwi kwa kilo."

Hakuna aliyejibu. Mwenye mizani akaondoka. Kazi ikaanza.

KAZI YA KWANZA ILIKUWA YA KALAMU

Hatukuanza na spana. Tulianza na daftari jipya, kalamu ya wino mzito, na makopo matupu 30 ya majani ya chai na ya maziwa ya unga.

Kila tulichofungua tuliandika. Bolti za mlango zilitiwa kopo moja, likaandikwa MLANGO WA KULIA. Nati za rejeta zilitiwa kopo jingine, likaandikwa REJETA. Kila waya ulifungwa karatasi yenye namba. Majirani walicheka. Walisema: "Hawa wamezoea ubao na chaki, sasa wanafundisha boliti kusoma."

Lakini kazi hii ilichukua karibu miaka 2, maana tulifanya siku za Jumamosi tu, na fedha ilikuja kidogo kidogo. Hebu fikirini. Nani anaweza kukumbuka kwa miaka 2 kwamba bolti hii fupi ilitoka wapi? Kichwa cha mtu kinavuja kama kikapu. Kopo lililoandikwa halivuji.

Baada ya hapo tuliiangalia chesisi. Baba alichukua nyundo ndogo akaigonga kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, kama unagonga boga. Tulitia alama ya chaki kila mahali palipolia vibaya. Sehemu ya nyuma kabisa ilikuwa imekwisha, pamoja na mikono miwili ya pembeni inayoshika bodi. Juu gari lilionekana lina nguvu. Chini ungeweza kupitisha kidole.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi wa kuchomelea. Kabla ya kuchomelea tulifanya mambo mawili, nanyi myajue. Kwanza, tuliondoa nyaya za betri. Pili, tulitoa tangi la petroli, ambalo katika gari hili liko chini ya kiti, tukaliweka mbali kabisa na moto. Tangi tupu ni hatari kama tangi lililojaa, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka. Msimruhusu mtu achomelee karibu na tangi kwa sababu eti "halina kitu".

DAFTARI LA BABA

Siku moja tulikuwa tunatafuta kadi ya gari. Katika sanduku la bati, chini ya stakabadhi za kahawa, tukakuta daftari kuukuu. Jalada limeng'oka. Ndani kuna mwandiko wa baba, kwa penseli, herufi kubwa tupu. Baba aliishia darasa la nne, na mwandiko wake ni wa mtu anayelima kwa jembe zito. Lakini unasomeka.

Aliandika mambo mafupi. Tarehe. Oili imebadilishwa. Springi ya kushoto imevunjika Mwika. Deni la tairi limelipwa. Tulicheka kidogo, tukaliweka mezani.

Wakati ule tulikuwa tumemwita fundi wa umeme, kijana hodari. Alileta betri mpya, akashika waya mnene autie kwenye bodi. Katika magari karibu yote ya siku hizi, upande wa betri wenye alama ya kutoa (–) ndio unaofungwa kwenye bodi. Kijana alijua hivyo, na kwa magari ya leo alikuwa sahihi. Baba naye alikuwa amesimama pale. Hakusema kitu.

Mdogo wetu wa kike alikuwa anafunuafunua lile daftari. Akasema: "Ngojeni kwanza." Akasoma ukurasa wa mwaka 1988:

BETRI. ALAMA YA JUMLISHA KWENYE BODI. USISAHAU.

Tukanyamaza wote. Kumbe Landrova za zamani, kabla ya mwaka 1967, zilifungwa kinyume na za leo. Alama ya jumlisha (+) ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Kama betri ingefungwa kinyume, dinamo na kile kisanduku kinachoongoza umeme wake vingeweza kuungua. Na vifaa hivyo vya zamani si rahisi kuvipata.

Tukamtazama baba. Akatabasamu, akakuna kichwa. "Nilikuwa nimesahau," alisema. "Niliandika kwa sababu nilijua nitasahau."

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipopata jibu la swali lenu la kwanza. Niandike nini? Andika kile ambacho utakihitaji siku ambayo hutakikumbuka. Baba hakuandika kwa ajili ya mwalimu wala mtihani. Alijiandikia mwenyewe, mtu mzima wa miaka 40, akimpelekea habari mzee wa miaka 70 na kitu. Na habari ilifika.

KUIAMSHA INJINI

Injini iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa kukurupushwa. Vyuma vya ndani vimekauka. Ukiilazimisha kwa betri au kwa kuvutwa na gari jingine, unaweza kuivunja.

Baba alituongoza. Tulifungua plagi zote 4. Katika kila silinda tulitia oili nyepesi kiasi cha vijiko viwili. Tukaiacha siku 4. Siku ya tano tulichukua hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele, tukasukuma polepole. Mwanzo ilikataa. Halafu ikatoa sauti ndogo, ikasogea nusu duara. Mama, aliyekuwa anapepeta maharage, akapiga kigelegele.

Hapo baba alitupa somo ambalo halimo katika daftari lolote. Alisema: "Ukishika hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Usikizungushe kama unavyoshika jembe." Sababu yake? Injini inaweza kurusha hendeli kinyume kwa ghafula. Kidole gumba kilichozunguka huvunjika. Kilicholala pamoja na wenzake huponyoka.

Tulimwaga oili ya zamani, nzito kama uji wa ulezi. Tulisafisha tangi, kabureta na pampu ya petroli. Tulisugua zile pointi zinazokata umeme wa plagi. Nyaya za plagi lazima zifungwe kwa utaratibu ambao silinda zinawaka. Baba aliukariri kama wimbo: "Moja, tatu, nne, mbili." Tuliandika kwa rangi nyeupe kwenye kila waya: 1, 3, 4, 2.

Ilipowaka mara ya kwanza, ilitoa moshi na vipande vya kiota cha nyigu. Kuku walikimbia. Baba hakucheka wala hakusema. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akasema: "Valvu ya silinda ya tatu imelegea." Tulipima kwa kipimo. Ilikuwa ya tatu kweli.

KOPO JEKUNDU

Sasa tunafika mahali pagumu. Tulifikiri tusiyaseme haya hadharani. Lakini baba mwenyewe ametupa ruhusa. Alisema: "Waambieni, maana hawa ni wenzangu."

Breki za gari lile tulizitengeneza upya. Tuliweka mipira mipya katika magurudumu yote 4, na paipu mpya. Jumamosi moja ilibaki kazi ya kutia mafuta ya breki tu. Fundi alikuwepo. Majirani kama sita walikuwepo. Baba akachukua kopo jekundu rafuni, akalifungua, akainama amimine.

Mdogo wetu aliliona kopo. Yalikuwa mafuta ya stelingi, si ya breki. Akaruka, akamnyang'anya baba mkononi, akasema kwa sauti: "Baba, siyo haya! Kwani hukusoma?"

Neno "hukusoma" lilitua kama jiwe. Mmoja wa majirani akacheka. Na sisi wengine, badala ya kumtetea baba, tukaongeza maelezo kama tuko darasani. Baba akaweka spana chini. Akanawa mikono kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Akaingia ndani.

Hakusema na sisi siku 3.

Kwa habari ya kopo, binti alikuwa na haki. Tulieleze jambo hili vizuri, kwa sababu linaua watu. Mipira ya breki za kawaida inataka mafuta yake maalumu. Ukitia mafuta ya stelingi, oili ya injini au dizeli, mipira hiyo inavimba na kulainika. Mwanzo breki zinashika. Halafu zinanata. Baadaye mafuta yanavuja, na siku moja unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini. Tena katika gari la zamani kama letu, breki za magurudumu yote 4 zinatumia njia moja tu ya mafuta. Ikivuja mahali pamoja, yote manne yamekwisha. Sasa fikirini ule mteremko wa kutoka huku kwenda Himo, nyuma una mikungu ya ndizi, na juu ya ndizi wamekaa watu.

Baba alikuwa dereva miaka mingi. Kwa nini basi akosee? Miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika sana nchini. Dereva alitia alichopata ili afike nyumbani, akiomba Mungu njia nzima. Mazoea hayo yalimbakia mkononi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili hatukuijua bado.

Usiku wa siku ya tatu mama alituita jikoni. Akasema: "Mmesema kweli, lakini mmeisema vibaya. Mmemvua mzee nguo mbele ya watu kwa ajili ya kopo."

Tukaenda kwa baba mdogo. Asubuhi alitutangulia, mkononi ana jani la isale. Kwetu Uchaggani mnajua maana yake. Mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na si vyema kuukataa. Baba mdogo akasema maneno ya kiutu uzima. Mdogo wetu akapiga magoti. Baba akalipokea jani, akaligeuzageuza. Kisha akasema neno ambalo hatukulitegemea:

"Mama," ndivyo anavyomwita binti yake, "kusoma najua. Lakini herufi zile za kopo sizioni. Siku nyingi sizioni."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya pili. Mzee wetu alikuwa anachagua makopo kwa rangi na kwa ukubwa, kama tunavyochagua viazi. Aliogopa kusema, maana angeambiwa amezeeka na kazi ya gari imemshinda. Ni wangapi hapa wanajua kusoma, lakini hawasomi kwa sababu ya macho, na wananyamaza? Msinyooshe mikono. Jibuni moyoni.

Wiki ile tulimpeleka Moshi mjini akapimwa macho, akapata miwani ya kusomea. Jumamosi iliyofuata tulikaa naye tukaweka sheria moja: kila kopo lisomwe kwa sauti kabla ya kufunguliwa. Litasomwa na yeyote atakayelishika, awe fundi, awe mtoto, awe mzee, hata kama analijua. Kwa njia hii hakuna anayeaibishwa, kwa sababu hakuna anayesahihishwa. Ni kopo linalosema, si mtoto anayemkosoa mzazi wake.

Wa kwanza kusoma alikuwa baba. Alivaa miwani, akalishika kopo la breki, akatafuta herufi zake: "D, O, T. DOT. Halafu 4." Akapiga kofi pajani. "Haya, mimina!"

Nanyi kumbukeni. Mafuta ya breki huandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye kopo. Na kopo lililofunguliwa zamani likabaki rafuni msilitumie, maana mafuta haya huvuta unyevu wa hewa na kuharibika.

AMBACHO HAKIKUANDIKWA

Sasa mtu asiondoke hapa akidhani tunasema mwenye kitabu ndiye mwenye akili. Hapana. Kitabu kilitupa namba na vipimo. Lakini kitabu hakikusikia silinda ya tatu. Hakikujua kwamba springi ya kushoto imetoka kwenye gari jingine, ndiyo maana bodi inalala. Hakikujua kona ya kule chini ambayo barabara inateleza mvua ikinyesha. Hayo yote yalikuwa kichwani mwa baba. Na baba ana umri mkubwa.

Ndiyo maana tulifanya hivi. Kila jioni ya Jumamosi, wakati mama anatayarisha ndizi, baba alisema na sisi tuliandika. Maneno yake yalijaza kurasa 40. Tuwapeni machache:

1. Gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia mlima. Injini ishike gari. Breki isaidie tu.

2. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki gari likiwa limesimama. Pedali ikizama polepole, usiondoke hata kama kuna mgonjwa. Utaongeza wagonjwa.

3. Maji ya rejeta yaangaliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta la moto kinaweza kukuunguza uso.

4. Ukiona unga mweupe mahali ambapo alumini inagusana na chuma, ujue madini hayo mawili yanakulana. Kwangua, paka rangi, weka mpira katikati.

5. Mwenye mzigo asikuambie uzito. Angalia springi, ndizo zisizosema uongo.

Tulimsomea yote. Akasahihisha mahali pawili. Mahali pamoja alitwambia: "Hapo mmeandika vizuri kuliko nilivyosema."

SIKU YA KUTELEMKA

Mwaka 2023 kazi ilikwisha. Tulilipa bima, tukashughulikia kadi ya gari, na likakaguliwa na askari wa usalama barabarani. Kwanza tuliliendesha uani. Siku ya pili tulikwenda kwenye barabara tambarare, bila mzigo. Siku ya tatu tukapakia mikungu 20 ya ndizi kwa safari ya Himo.

Sote tulijua nani atashika usukani. Baba alikuwa amevaa shati jeupe na kofia. Alizunguka gari, akapiga teke kila tairi, akakanyaga breki, akasubiri. Pedali haikuzama. Halafu akatoa ufunguo mfukoni akampa mdogo wetu. Yule yule wa kopo jekundu, ambaye ana leseni na amejifunza gari lile kwa miaka 2.

"Macho ya karibu nimepewa miwani," baba alisema. "Ya mbali ni yako. Mama, endesha."

Akapanda upande wa kushoto. Njia nzima alitaja gia: "Mbili. Bado mbili. Iache injini ishike." Sisi tulikuwa nyuma na ndizi. Tulishuka polepole mpaka daladala zikatupigia honi kwa hasira. Tukafika Himo, ndizi zikauzwa, tukarudi kabla ya giza.

Jioni baba aliomba lile daftari lake kuukuu, siyo jipya letu. Akavaa miwani. Chini ya mstari wa mwisho wa mwaka 2001, baada ya ukimya wa miaka 22, akaandika kwa penseli, kwa herufi zake kubwa:

LEO LIMETELEMKA. BREKI NZURI. DEREVA BINTI.

NDUGU WANAKISOMO

Mtu atauliza: je, ilikuwa faida? Tuseme ukweli. Fedha tuliyotumia ingetosha kununua ng'ombe wa maziwa zaidi ya mmoja. Mwenye kutaka gari la biashara tu, pengine kirikuu ingemfaa zaidi, maana inakunywa petroli kidogo na vipuri vyake viko kila duka. Hatuwaambii kila mmoja afufue gari la zamani.

Tunawaambia hivi. Kila nyumba ina kitu chake chini ya mparachichi. Kwa mwingine ni mfereji wa maji wa ukoo, ambao babu peke yake anajua zamu zake. Kwa mwingine ni mipaka ya kihamba. Kwa mwingine ni dawa ya ng'ombe, au hesabu ya deni, au namna ya kupogoa mbuni. Juu vinaonekana vizima. Chini vinaoza, kwa sababu aliyevijua anazeeka na hakuna aliyeandika.

Usingoje upate ofisi ndipo uandike. Nunua daftari. Kaa na mzazi wako. Mwulize, andika, kisha msomee asahihishe. Kama mzazi ni wewe, andika mwenyewe, hata kwa herufi kubwa za penseli. Na kama macho yamepungua, sema. Kukosa miwani si kukosa elimu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hivyo kwa habari ya mali. Sisi tunaongeza: hata maarifa ni mali.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini baba aliandika habari za betri, wakati alikuwa anazijua?

2. Mama alisema: "Mmesema kweli, lakini mmeisema vibaya." Ninyi mngeisemaje kweli ile?

3. Ni hatari gani inayotokea mtu akitia mafuta yasiyo ya breki kwenye breki?

4. Taja kitu kimoja ambacho mzee wa nyumbani kwako anakijua na hakijaandikwa. Nani atakiandika, na lini?

5. Kabla ya kikao kijacho, kila mmoja alete kopo, chupa au pakiti moja kutoka nyumbani, aisome kwa sauti mbele ya wenzake.